UZI: Kupiga video Lamu, nunua kitambaa kabla hujanunua taa

MwangaAmu

Asalamu aleikum jamaa. Vijana wengi wananiandikia inboksi na swali lao ni moja: "Kaka, nimejikusanyia pesa kidogo, ninunue taa gani?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, naliweka jibu hapa ili anayetaka kubisha abishe mbele za watu.

Usinunue taa kwanza. Nenda dukani ununue bafta nyeupe na kitambaa cheusi kizito, umpelekee fundi cherehani. Mji wetu hauna uhaba wa mwanga. Umejaa, tena unarudi kutoka kila upande, na kazi ya kwanza ya mpiga video hapa ni kuuzuia, kuupunguza na kuuelekeza. Ukiongeza taa kwenye mwanga ambao hujaushika, unaongeza vurugu.

Tuanze na jua. Lamu iko kama digrii mbili tu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, na karibu na mwezi wa tatu na wa tisa husimama wima kabisa. Mtu ukimrekodi saa hiyo uwanjani Mkunguni, macho yanageuka mashimo, pua inaangusha kivuli mdomoni, na kipara kinawaka. Hakuna kamera ya bei yoyote itakayolirekebisha hilo. Na jioni jua letu halishuki kwa mshazari kama la Ulaya, linadondoka. Likishazama, una kama dakika ishirini za mwanga wa maana na basi. Zile video za mtandaoni zinazokufundisha kusubiri jua la dhahabu zimepigwa nchi ambazo jua linachelewa kuondoka. Hapa ukianza kupanga stendi jua likiwa jekundu, umeshakosa.

Kuna jambo ambalo hata wenyeji hulisahau: mbele ya mji inatazama mashariki, upande wa kisiwa cha Manda. Kwa hivyo jua la chini, lile linalopiga kuta na milingoti ya mashua kwa ubavu, ni la asubuhi, tangu linapochomoza hadi saa mbili hivi. Alasiri nyumba zenyewe zinaipa forodha kivuli, na mbele yako una anga lote la mkondo wa Manda lililo wazi. Hiyo ni taa laini kubwa kuliko yoyote utakayoikodisha. Mahojiano ya nje yapige hapo, saa kumi kwenda mbele, mtu akiwa amegeuza uso kuelekea majini na mgongo kwenye majumba.

Sasa ndani ya nyumba, ambako ndiko nilikotaka kufika.

Nyumba zetu za mawe ni vyumba virefu vyembamba, kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, na boriti ya mkoko haiendi mbali. Wengi mtakuta hata mita tatu hazifiki. Mwanga unaingilia kiwandani, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, unapita kwenye msana, ukumbi unaofuata kiwanda, na ukifika ndani umeshafifia. Kuta zote ni chokaa. Mpiga video mgeni akiingia huona giza, anawasha taa. Lakini ebu mketishe mzee ukingoni mwa msana, si kiwandani penyewe, bega moja likielekea kiwanda. Tazama shavu la upande wa pili. Linang'aa karibu sawa na la upande wa kiwanda, kwa kuwa chokaa inaurudisha mwanga. Uso unakuwa bapa. Hapo tatizo si upungufu wa mwanga, ni kukosa kivuli.

Chukua kitambaa cheusi, kitundike upande ulio mbali na kiwanda, nje kidogo ya fremu, kikaribie shavu hata nusu mita. Fanya hivyo huku ukitazama skrini. Utaona mfupa wa shavu unajitokeza, mkunjo wa jicho unakuja, ndevu nyeupe zinajitenga na kanzu. Hujaongeza hata wati moja. Mahameli nyeusi ndiyo inayomeza mwanga vizuri kuliko zote. Kaniki nayo yafaa. Kitambaa cha buibui cha kung'aa usikitumie, kinarudisha mwanga nusu njia.

Bafta ni ya kulainisha. Tundika kati ya jua la dirishani na mtu, na dirisha lote linakuwa chanzo kimoja kikubwa. Ukitaka mwanga wenye joto kidogo, chukua marekani isiyopaushwa, ile ya rangi ya maziwa yaliyochemka. Watu wa sinema duniani kote hutumia kitambaa cha jinsi hiyo hiyo na hulipia ghali, sisi kiko kwa muuza nguo.

Shikeni kanuni moja: ulaini wa mwanga hautokani na nguvu ya taa, unatokana na ukubwa wa chanzo ukilinganisha na uso na umbali wake. Jua ni kubwa mno lakini liko mbali, ndiyo maana kivuli chake ni kikali. Bafta ya mita mbili ikiwa mita moja kutoka usoni ni laini. Ipeleke mita sita, imeshakuwa ndogo, vivuli vinarudi vikali.

Na ya pili: mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Taa ikiwa mita mbili kutoka usoni na ukuta uko mita moja nyuma ya mtu, ukuta unapata karibu nusu ya mwanga wa uso. Chokaa nyeupe ikipata nusu, inamshinda mtu. Sogeza taa ile ile hadi nusu mita kutoka usoni, upunguze nguvu yake, na ukuta unapata sehemu moja ya tisa tu. Chumba kinatulia, mtu anatoka mbele. Kwenye vyumba vyembamba kama vyetu hii ndiyo silaha kubwa. Wengi hufanya kinyume, taa wanaibandika kona ya mbali ili isionekane.

Rangi nitaipitia haraka. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini, namba ikishuka mwanga unakuwa wa chungwa zaidi. Mwanga wa mchana ni kama Kelvini 5600, taa za studio za zamani 3200, balbu ya njano ya nyumbani 2700. Ukiacha balbu inawaka huku kiwanda kinaingiza mwanga wa mchana, shavu moja litakuwa la chungwa na jingine buluu. Zima balbu. Waiti balansi, yaani kuionyesha kamera nyeupe ni ipi, ipige kwa kadi ya kijivu pale pale uso unapokaa, si kwa kanzu, maana kanzu nyingi zimetiwa buluu na zitakudanganya.

Karibuni.

BintiMkomani

Waaleikum salaam kaka. Maneno yako mazuri lakini umezungumzia nyumba mchana. Mimi kazi yangu ni harusi za wanawake, usiku, ukumbini, mahali ambapo wewe mwenyewe huwezi kuingia. Hakuna kiwanda pale. Kuna jukwaa la bibi harusi, taa za zambarau na pinki za mpambaji, na akina mama mia wanaopita mbele ya kamera. Bafta pekee haitanitosha, taa lazima.

Ninavyofanya ni hivi, labda itamfaa dada mwingine. Nafika mapema, naongea na mpambaji kwa adabu kabla hajamaliza kufunga. Namwomba zile taa za rangi azielekeze kwenye pazia la nyuma, zisimguse bibi harusi usoni. Taa ya zambarau ina nyekundu na buluu tu, kijani hamna, na kamera ikikosa rangi moja hata ukae kwenye kompyuta mpaka alfajiri, ngozi hairudi. Pazia likiwa zambarau ni uzuri. Uso ukiwa zambarau, familia italalamika miaka.

Halafu naweka taa moja nyeupe ya LED, sio kumwelekezea yeye. Naielekeza kwenye bafta iliyofungwa juu upande wa mbele, irudi kwake. Wenzangu wengi huipiga darini kwa sababu ni rahisi, lakini ikirudi kutoka juu moja kwa moja unapata yale mashimo ya macho uliyoyasema ya saa sita. Ikirudi kutoka mbele-juu, wanja unaonekana na jicho linapata nukta ya nuru.

Dhahabu nayo ina mambo yake. Mkufu na vikuku ni vioo, vinakuonyesha taa yenyewe. Ukitumia taa tupu ndogo, dhahabu inatoa vidoa vyeupe vilivyoungua. Ukitumia bafta kubwa, dhahabu inaionyesha bafta, inakuwa na mng'ao mpana wa njano, na nakshi zinahesabika. Hina na piko ni kinyume: mwanga wa mbele unaviua, nuru ya ubavuni ya chini inatoa kila ua.

Na jambo ambalo si la taa ila ni la kazi hii hii: picha za ukumbini haziondoki kwenye mikono yangu. Nahariri mwenyewe, namkabidhi mwenye harusi mkononi. Kama huwezi kuahidi hilo, usiikubali kazi.

MwangaAmu

BintiMkomani umenifungulia chumba nisichokijua, Allah akubariki. Hilo la dhahabu kuionyesha bafta liandikwe ukutani. Ila kubali hata wewe kwamba umeanza na kuzuia, mazungumzo yako na mpambaji yamekuja kabla ya taa yako.

BintiMkomani

Nakubali. Lakini taa nilinunua.

Mpiganaji wa Langoni

Kaka mimi natumia simu. Nikipiga video ndani usiku kuna michirizi mieusi inapanda na kushuka kwenye picha. Nimebadilisha simu na bado iko. Ni nini?

MwangaAmu

Ni umeme wetu, simu haina kosa. Umeme wa Kenya ni hezi 50, kwa hivyo taa nyingi za ukutani hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Simu nyingi zinakuja zimewekwa fremu 30 kwa sekunde na shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) 1/60, za nchi zenye hezi 60, hazioani na mpigo wa hapa. Tafuta programu ya kamera inayokuruhusu kuchagua mwenyewe, weka fremu 25 na shata 1/50, au 1/100 kama mwanga ni mwingi. Michirizi itakwisha.

Isipokwisha, basi ni taa za LED za bei rahisi zilizopunguzwa kwa kitufe. Baadhi yake hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka. Hizo ziwashe mpaka mwisho kisha zisogeze mbali, au uzipitishe kwenye kitambaa. Tena ukinunua taa, angalia alama ya CRI, kipimo cha taa kuonyesha rangi kwa ukweli wake, isiwe chini ya 90, na uiulizie rangi nyekundu. LED dhaifu zina upungufu wa nyekundu, na ngozi zetu nyeusi bila nyekundu zinakuwa kama jivu. Hapo ndipo ningetia pesa, si kwenye wingi wa wati.

Mzee wa Barani

Salaam kutoka Malindi. Nimefanya kazi ya taa za televisheni tangu wakati wa zile taa za moto za wati 800, ukiigusa bila glavu ngozi inabaki huko. Mwanangu MwangaAmu, unasema vyema lakini usiwafanye vijana wadharau taa tatu. Taa kuu, ya kujazia na ya nyuma si mapambo, ni nidhamu. Mtu asiyejua kuzipanga hatajua kitambaa chake anakitia kwa sababu gani.

Pili, wewe unazungumza na kuta nne. Njoo ufukweni kwetu kusi likivuma uone bafta yako. Mita mbili za kitambaa juu ya stendi ni tanga, litakwenda na stendi, na kama kuna mtoto amesimama hapo litamwangukia. Kusi likishika kati ya mwezi wa tano na wa nane mimi situndiki kitu ufukweni. Namgeuza mtu jua limpige mgongoni au begani, na mbele mtu wangu mmoja ashike rifleksa, ubao wa kurudisha mwanga, kwa mikono, ameketi chini, si kusimama. Stendi yoyote ibebe kiroba cha mchanga mguuni.

Na mchanga wenyewe ni rifleksa. Mtu akisimama kwenye mchanga mweupe, mwanga unampanda kutoka chini, unajaza kidevu na macho. Mbele kidogo, kwenye mchanga uliolowa maji, hakuna kitu hicho. Kabla sijaweka chochote mimi humhamisha mtu hatua kumi huku na huku, nione uso unapofunguka. Wavuvi wakishusha samaki asubuhi, jua liko upande wa bahari, wewe ukae upande wa nchi kavu: unapata ukingo wa nuru kwenye mabega yao na maji yanametameta nyuma.

Kuna hesabu moja inayowatesa vijana. Jua kali, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 100, shata 1/100, tundu la lenzi huwa f/16, na namba ya f ikikua tundu linakuwa dogo. Video unataka shata 1/50, kwa hivyo umefika f/22. Ukitaka f/4 ili nyuma kulainike, umefungua stopu tano, na kila stopu ni mwanga mara mbili. Wanapandisha shata ili kufidia, na mikono ya wavuvi inaenda kwa kukatikakatika. Weka filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, ya stopu tano, yaani ND32, shata ibaki palepale.

MwangaAmu

Mzee, shikamoo, na nimekubali upepo. Watu wa Shela, wenye ufukwe, wayasome hayo mara mbili.

Kwenye taa tatu hatuko mbali. Ndani ya msana zote tatu ziko, ila mbili zimejengwa na waashi: kiwanda ndiyo taa kuu, chokaa ndiyo ya kujazia, na kitambaa cheusi ndicho kitufe cha kuipunguza hiyo ya kujazia. Inayobaki ni ya nyuma tu, na hiyo ndiyo LED ndogo ninayobeba. Mwanamke aliyevaa buibui mbele ya mlango wa ndani ulio gizani anayeyuka, unabaki uso unaoelea. Taa ndogo nyuma yake kwa juu, upande ule ule wa kiwanda ili isionekane ya uongo, inachora bega na ushungi, na mtu anarudi kuwa mtu.

Kanzu na buibui kwenye fremu moja ndio mtihani wenyewe, bwana na bibi wakikaa pamoja. Vijana hufungua lenzi ili waone uso, kanzu inaungua. Mimi nawasha zebra, ile mistari ya kamera inayoonyesha palipozidi mwanga, napima kanzu isifike asilimia mia, kisha nakata mwanga wa kanzu: kipande cha kadibodi nyeusi mbele ya chanzo, kivuli chake kiangukie kuanzia kidevuni kwenda chini. Uso unabaki na mwanga kamili, kanzu inashuka, mikunjo na darizi zinaonekana. Ngozi nyeusi haitaki kumiminiwa mwanga usoni. Inataka chanzo kipana ubavuni, ili mng'ao wake wenyewe uchore paji na shavu. Kwa joto letu weka pia leso ya kufutia jasho karibu, kwa sababu jasho ni kioo.

Mzee wa Barani

Miwani hukuitaja. Wazee wote wana miwani.

MwangaAmu

Kweli. Mwanga hurudi kwa pembe ile ile uliyoingilia, kwa hiyo inua chanzo juu na uvute upande mpaka mng'ao uteremke nje ya kioo. Isipotosha, mwombe mzee ainue zile ncha za miwani juu ya masikio kidogo, kioo kiiname chini. Watazamaji hawatagundua.

Mwana wa Faza

Wallahi uzi huu naunakili. Nina tamthilia fupi, onyesho moja ni la usiku, bibi ameketi ndani mbele ya zidaka (vishubaka vya chokaa ukutani), anamsimulia mjukuu kwa mwanga wa kandili. Nikiwasha kandili peke yake kila kitu giza na moto wenyewe umeungua mweupe. Nikiongeza taa, imekuwa mchana.

MwangaAmu

Onyesho zuri, na ni gumu, hivyo nitalijibu kwa kirefu.

Kandili iwake kwa ajili ya kuonekana, isiwe ya kazi. Punguza utambi mpaka moto uwe na umbo kwenye skrini. Kazi ifanywe na LED ndogo iliyofichwa nje ya fremu, upande ule ule wa kandili na kimo kile kile, imefunikwa karatasi ya chungwa na marekani juu yake. Kimo ndicho wengi hukikosea. Kandili iko sakafuni, mwanga unapanda, basi taa nayo itoke chini. Ukiitundika juu, jicho la mtazamaji litakataa hata kama hajui kwa nini.

Waiti balansi usiiache ijiamulie. Moto wa kandili uko karibu na Kelvini 1900. Ukiiweka kamera hapo, moto unakuwa mweupe na usiku umekufa. Weka 3200, chungwa libaki chungwa.

Halafu chokaa. Ile LED ndogo itarudi kutoka kuta zote na ndiyo maana inakuwa mchana. Vitambaa vyeusi viwili, kimoja upande wa pili wa bibi, kingine juu kama paa nje ya fremu. Giza likishakaa, weka taa ndogo kabisa iulambe ukuta wa zidaka kwa ubavu, karibu sana na ukuta, dhaifu. Nakshi za chokaa zinatokea kwa vivuli vyake vyenyewe. Ukiupiga ukuta huo kwa mbele hata kwa taa ya maelfu utapata ubao mweupe. Milango ya kuchonga ni vile vile.

Na tafadhali, kandili mbali na mapazia, na msilete zile taa za moto za Mzee wetu juu kwenye makuti. LED tu.

Mwana wa Faza

Ahsante sana. Na umeme ukikatika?

MwangaAmu

Betri. Betri ya kamera ya saa-wati 98 inalisha taa ya wati 60 kama saa moja na nusu, na ukiipunguza hadi nusu inakaribia saa tatu. Hazivuki 100, ndiyo maana mashirika ya ndege hukuruhusu kupanda nazo, mkononi, sio kwenye mzigo. Genereta kwenye vichochoro vyetu sahau, sauti inarudi kila ukuta. Ukitoka majini au ufukweni, futa taa na stendi kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo ya chumvi kisha kikavu, siku hiyo hiyo. Chumvi inaanzia kwenye skrubu na viunganishi.

BintiMkomani

Kaka, fundi nimwambieje hasa? Nataka ya ukumbini na ya nyumbani.

MwangaAmu

Mwambie hivi: bafta mita moja na nusu kwa mbili, pindo pana la kupitisha fimbo juu na chini, upana wa vidole vinne. Ya pili ukubwa huo huo, upande mmoja mahameli nyeusi, upande wa pili bafta maradufu, ili ukiigeuza inameza na ukiigeuza tena inarudisha. Kamba fupi kila kona. Fimbo ni bomba za plastiki za maji, zikatwe vipande viwili viwili vinavyoungana, ziingie kwenye mkoba na mtu aweze kupanda nazo ngazi za nyumba zetu. Marekani kipande kidogo tu, mita moja kwa moja. Mwambie afue vitambaa kabla ya kukata, kwa sababu bafta mpya ina wanga, inang'aa, na ikifuliwa baadaye inasinyaa na pindo zinapinda.